"Store" Si Stoo Tu



Jumapili hii nataka tuzungumze juu ya neno moja la Kiingereza ambalo mfanyakazi wa mjini hulikuta mara kwa mara: juu ya mlango kazini, ubavuni mwa katoni, na kwenye chupa ya dawa. Neno lenyewe ni "store". Wengi wetu hudhani tunalijua, maadamu tunalo la kwetu, stoo. Mimi nami nilidhani hivyo, na nusura nimpoteze mtoto kwa dhana hiyo.

Wakati huo nilikuwa kijana, mwajiriwa mpya wa kiwanda, nimepanga vyumba viwili pamoja na mke wangu na binti yetu wa kwanza, Rehema, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Mtoto akashikwa na homa na kifua. Zahanati ikatupatia chupa ya dawa ya unga. Tukaelezwa namna ya kuichanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, na kiasi cha kumpa mtoto. Tulipofika nyumbani nikataka kumwonyesha mke wangu kwamba mumewe si haba, Kiingereza anakisoma. Nikasoma kwa sauti maandishi ya kwenye chupa: "Store in a cool place." Kisha nikatamka kama mwalimu aliye mbele ya darasa: "Umeona? Wanasema stoo. Dawa hii ni ya kukaa stoo."

Mke wangu akauliza, "Stoo ile ya mkaa, Baba Rehema? Mbona mle mna joto?"

Nikamjibu kwamba waliotengeneza dawa wanajua zaidi yetu. Basi chupa ikaingia stoo, kijumba cha uani kilichoezekwa bati bila dari, ambamo saa sita za mchana hata mshumaa hulegea.

Siku ya tatu homa ilikuwa bado haijashuka, na mtoto hakuwa na nguvu hata za kulia. Tukambeba mbio kurudi zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, akaishika ile chupa, akaitazama kwenye mwanga, akainusa.

"Dawa hii mliiweka wapi, mwanangu?"

"Stoo, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

Hakucheka wala hakunigombeza. Aliweka kidole juu ya neno lile akasema, "Hapa haikutajwa stoo. Hapa unaamriwa: weka. Weka mahali penye ubaridi." Akatupatia chupa nyingine, na kwa kuwa hatukuwa na friji, akatuelekeza tuikalishe ndani ya bakuli la maji, kivulini, kando ya mtungi. Mtoto alipona. Aibu yangu haikupona upesi, lakini ilinipa somo ambalo nimekusudia kukugawia leo.

Kosa langu lilikuwa wapi? Katika Kiingereza, "store" huweza kuwa jina, yaani ghala au bohari. Na kwa Wamarekani ni duka. Neno hilohilo huweza pia kuwa kitendo: kuweka, kuhifadhi, kulimbika. Halibadiliki hata herufi moja. Sisi tulipolikopa tulichukua nusu yake tu, ile ya jina. Ile ya kitendo tuliwaachia wenyewe. Kwa hiyo kila tulionapo neno hilo, macho yetu hukimbilia ile nusu tuliyoizoea.

Haikuwa hivyo tangu awali. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na miisho iliyotenganisha majina na vitendo. Upendo uliitwa "lufu", na kupenda kukaitwa "lufian". Katika karne zilizofuata miisho hiyo ilififia vinywani mwa watu, ikadondoka, likabaki neno "love" kwa yote mawili. "Store" lilitoka katika Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza na kufuata desturi hiyohiyo. Tangu hapo Mwingereza huweza kulitwika jina kazi ya kitendo bila kulivalisha nguo mpya.

Sisi twaenda kwa njia nyingine. Kitendo chetu aghalabu huvaa sare yake: ninaweka, uliweka, tutaweka. Na pale ambapo Mwingereza hulichukua jina la kifaa akalifanya kitendo, sisi twaliita neno letu "piga" lije kusaidia. Yeye ana "iron", nalo ni pasi na ni kupiga pasi. Ana "brush", nalo ni mswaki na ni kupiga mswaki. "Paint" ni rangi na kupiga rangi. "Stamp" ni muhuri na kupiga muhuri. "Phone" ni simu na kupiga simu. Ndiyo maana mwenye kutafsiri neno kwa neno hujikwaa: hutafuta "piga" katika Kiingereza asiione.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usidhani kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Tazama maneno haya: jibu, hesabu, hukumu, tafsiri. Katika karatasi ya mtihani huandikwa, "Jibu maswali yote." Mwalimu akishasahihisha husema, "Jibu la swali la pili si sahihi." Neno ni lile lile, mara ya kwanza ni kitendo, mara ya pili ni jina, na hakuna mtoto wa shule ya msingi anayebabaika. Kwa nini? Kwa sababu hatulitazami neno "jibu" peke yake, twawatazama jirani zake. Likifuatwa na "la", twajua ni jina. Likianza sentensi na kufuatwa na kitu cha kujibiwa, twajua ni amri. Na ajabu ni kwamba hata neno linalofaa sana kutafsiri "store" lina sura mbili hizohizo: twasema "Hifadhi ya Serengeti", na twasema "Hifadhi mahali pakavu". Akili tunayoitumia kwa "hifadhi" ndiyo inayotakiwa kwa "store".

Sasa nikupe alama tatu za kukuongoza.

Kwanza, tazama kinachotangulia. Likitanguliwa na "the", "a", "my" au "this", aghalabu ni jina: "The store is closed", ghala limefungwa. Likitanguliwa na "to", "must", "will" au "do not", ni kitendo: "Do not store near fire", usiweke karibu na moto.

Pili, tazama mkia. "Stored" na "storing" mara nyingi hutokana na kitendo. Jihadhari na "stores", kwani herufi hiyo ya mwisho ni ndumilakuwili: yaweza kuwa ghala nyingi, na yaweza kuwa mtu fulani huhifadhi. Hapo rudi kwenye alama ya kwanza.

Tatu, tazama mahali neno lilipo. Likiwa peke yake juu ya mlango, ni jina. Likianza maelekezo juu ya chupa, katoni au mashine, bila "the" wala "a" mbele yake, yaelekea ni amri. Ndivyo yalivyo maneno "Keep", "Press", "Open" na "Shake": weka, bonyeza, fungua, tikisa. Hata kwetu amri hutoka bila kiambishi.

Yako pia maneno ambayo maandishi yake ni mamoja lakini sauti huyatenganisha. Chupa moja ya dawa yaweza kukuambia "Shake well before use", tikisa vizuri kabla ya matumizi, kisha ikakuonya "Do not use" baada ya tarehe fulani, yaani usitumie. "Use" la kwanza, ambalo ni jina, humalizika kwa sauti ya "s". La pili, ambalo ni kitendo, kwa sauti ya "z". Neno "record" nalo, likiwa jina hukazwa mwanzoni, likiwa kitendo hukazwa mwishoni. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo masikio yetu yanahitaji mazoezi.

Nimalizie nilipoanzia. Laiti kila chupa ya dawa iuzwayo kwetu ingekuwa na maelekezo ya Kiswahili, mzazi asingelazimika kuwa mwanafunzi wa sarufi ya Kiingereza ili mwanawe apone. Lakini kosa la siku ile halikuwa la lugha peke yake. Mke wangu hakuwa amesoma Kiingereza, na bado ndiye aliyeuliza swali la haki: mbona mle mna joto? Mimi niliyejua neno moja nilimnyamazisha yeye aliyejua jambo lenyewe. Kuuliza si ujinga, na ujuzi nusu usiotaka kuulizwa ni hatari kuliko kutojua.

Basi leo, baada ya chakula cha mchana, keti na mama watoto na wanao, mkusanye chupa na makopo yaliyomo nyumbani, mtafute maneno haya na mwulizane kila moja ni jina au ni kitendo. Mkishindwa kuelewa maelekezo ya dawa, msibahatishe. Rudini kwa muuguzi au mfamasia mkaulize. Rehema sasa ni mama mwenye watoto wake, na kila ninapomtembelea huniuliza kwa kunitania, "Baba, dawa tuziweke stoo?"

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.