Tumaini Letu Liko Katika Raundi za Mwisho

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, kila mwaka mwezi wa Aprili unapokaribia, sisi tulio wachache katika Uganda tunaoifuata kandanda ya Kimarekani hupatwa na homa ambayo wenzetu wapenzi wa SC Villa na KCCA hawaielewi kabisa. Wakati huo hakuna mechi hata moja inayochezwa kule. Viwanja viko kimya, na majeruhi wako nyumbani wakiuguza magoti yao. Lakini ndio wakati ambapo timu zote 32 za ligi ya NFL huwachagua vijana wapya kutoka vyuo vikuu, na kwa mpenzi wa timu iliyoshindwa hakuna siku yenye matumaini kuliko hiyo.

Huenda wapo wasomaji wasioujua utaratibu wenyewe, nao ni mwepesi. Timu iliyoshika mkia hutangulia kuchagua, na bingwa hungoja mpaka mwisho wa foleni. Kisha foleni huanza tena, raundi saba kwa siku tatu. Kijana hachagui timu, bali timu humchagua yeye. Nafasi ya kuchagua ni mali: yaweza kubadilishwa na timu nyingine kwa mchezaji, au kwa nafasi nyingine ya mwaka huo au ya mwaka ujao. Wamarekani hulitumia neno moja kwa uteuzi huu na kwa ile amri ya serikali ya kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima, na tunadhani aliyepata kusimama mbele ya sajini wa kuandikisha makuruta ataona kwamba hawakukosea sana.

Uteuzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1936, kwa shauri la Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia, aliyechoka kuona matajiri wachache wakiwanyakua vijana wote wazuri. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger, aliteuliwa na timu ya Bell mwenyewe, na hakucheza katika ligi hiyo hata siku moja. Tangu siku ile ya kwanza, basi, ilikwisha kudhihirika kwamba wa kwanza katika orodha si lazima awe wa kwanza katika kazi.

Timu yetu sisi ni New York Giants. Mtu akituuliza kwa nini askari wa Kampala ashabikie timu ya New York, jibu letu ni jina moja: Kiwanuka. Mwaka 2006 Giants walimchagua Mathias Kiwanuka, kijana aliyezaliwa Indianapolis, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka. Babu huyo naye alipata kuvaa sare ya askari katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, akawa Jaji Mkuu, na mwezi wa Septemba 1972 akachukuliwa na watu wenye silaha kutoka Mahakama Kuu, asirudi tena. Tuliposikia jina lile likisomwa kwenye uteuzi wa Wamarekani, tulijua kwamba tumepata timu.

Na tazameni jinsi alivyopatikana. Zamu ya Giants katika raundi ya kwanza ilikuwa ya 25. Waliiuza kwa Pittsburgh, wakakubali kurudi nyuma hadi ya 32, ambayo ndiyo ya mwisho katika raundi ile, na kwa hasara hiyo ndogo wakalipwa nafasi za ziada katika raundi za chini. Wengi walishangaa, kwa kuwa timu ilikwisha kuwa na mashujaa wawili katika kazi ile ile ya kumwinda mrusha mpira wa adui kutoka pembeni, Michael Strahan na Osi Umenyiora. Wote wawili walikuwa wateule wa raundi ya pili. Kijana wetu hakukosa kutupa machungu: Novemba 2006, huko Tennessee, alimshika mrusha mpira wa adui mikononi mwake kisha akamwachia, akidhani mpira umekwisha kurushwa na filimbi ya adhabu itapigwa dhidi yake. Adui akakimbia na mpira, na Giants waliokuwa wakiongoza kwa 21 bila wakashindwa 24 kwa 21. Wako miongoni mwetu ambao hawajaisamehe siku ile, ingawa kijana mwenyewe tulimsamehe zamani. Baadaye alihamishwa kutoka kazi moja hadi nyingine, alivunjika mguu mwaka 2007, na hatimaye, Februari 2012, alitwaa ubingwa wa Super Bowl uwanjani Indianapolis, mji aliozaliwa.

Sasa tufike kwenye shauri letu. Tunaandika kwa sababu tuna hofu kwamba viongozi wa Giants, wakibanwa na kelele za New York, watazidi kuuza nafasi za raundi za chini ili kununua jina moja kubwa la raundi ya kwanza. Huko ni kuuza mabuti ya kikosi kizima ili kumnunulia kamanda kofia.

Ubingwa wa Februari 2008 ndio ushahidi wetu. Siku ile Giants waliwapiga New England, timu iliyokuwa haijashindwa mchezo hata mmoja msimu mzima, kwa 17 dhidi ya 14. Katika mchezo huu wako watu watano wa mstari wa mbele ambao kazi yao ni kumkinga mrusha mpira. Mmoja tu kati yao, yule wa katikati, huugusa mpira ili kuanzisha mchezo. Wengine hupigana kifua kwa kifua tangu mwanzo hadi mwisho, na jina lao halitajwi ila wanapokosea. Mstari ule wa Giants haukuwa na mteule hata mmoja wa raundi ya kwanza. David Diehl alitoka raundi ya tano ya mwaka 2003. Chris Snee raundi ya pili ya 2004. Rich Seubert hakuchaguliwa na timu yoyote, akaja mwenyewe kuomba kazi. Wengine wawili walisajiliwa kutoka timu nyingine. Aliyeudaka mpira kwa kuubana kwenye kofia yake ya chuma, tendo ambalo Wamarekani hawaachi kulisimulia, ni David Tyree wa raundi ya sita. Aliyekimbia na mpira yadi nyingi kuliko wenzake wa Giants siku ile ni Ahmad Bradshaw, aliyechaguliwa wa 250 kati ya vijana 255 wa mwaka 2007. Na dakika za mwisho, mrusha mpira wa New England alipokuwa akitafuta njia ya kujiokoa, aliyemwangusha chini ni Jay Alford, kuruta wa raundi ya tatu. Hata adui yule aliyeangushwa, Tom Brady, alikuwa amechaguliwa wa 199 mwaka 2000, na akaja kuwa bingwa mara saba.

Msomaji makini atatukatiza. Atasema: mrusha mpira wenu siku hiyo, Eli Manning, je, hakununuliwa mwaka 2004 kwa kutoa nafasi za uteuzi kwa timu ya San Diego? Ni kweli, na hatukatai. Giants walimlipia Manning kwa bei kubwa, naye aliilipa kwa kuwaletea ubingwa mara mbili. Tena hatudai kwamba mtu wa mstari wa mbele akichaguliwa juu lazima afaulu. Mwaka 2015 walimchukua Ereck Flowers akiwa wa tisa, na mwaka 2022 Evan Neal akiwa wa saba, wote wawili watu wakubwa wa mstari, na wote wawili hawakufikia matumaini tuliyowawekea. Tunachosema ni kwamba Manning alikuta ukuta umejengwa mbele yake, na ukuta ule ulijengwa kwa tofali za bei nafuu, moja moja, mwaka baada ya mwaka.

Kinyume chake tulikiona wenyewe. Mwaka 2018 Giants walikuwa wa pili katika foleni, wakamchagua Saquon Barkley, mkimbiaji ambaye macho hayachoki kumtazama. Tulishangilia. Lakini ukuta mbele yake ulikuwa na matundu, na miaka ikapita akiangushwa kabla hajapiga hatua ya tatu. Katika uteuzi ule ule wa 2018, mahasimu wetu wa Philadelphia walingoja hadi nafasi ya 233, raundi ya saba, wakamchukua kijana wa Australia aitwaye Jordan Mailata, mcheza raga ambaye hakuwahi kucheza kandanda ya Kimarekani. Walimfundisha kazi polepole, mpaka akawa nguzo ya mstari wao. Mwaka 2024 Barkley akahamia huko huko Philadelphia. Nyuma ya mstari wa Mailata na wenzake akakimbia yadi 2,005 katika msimu mmoja, na Februari 2025 wakatwaa ubingwa pamoja. Mtu alikuwa yule yule, na miguu ile ile. Sisi tuliobaki na jezi zake sandukuni tulijifunza somo hilo kwa uchungu ambao hatumwombei jirani.

Je, viongozi wetu walijifunza? Mwaka 2025 walianza vyema kwa kumchukua Abdul Carter, mwindaji wa warusha mpira, katika nafasi ya tatu waliyostahili kwa kushindwa kwao. Lakini usiku ule ule, kwa pupa ya kumpata mrusha mpira Jaxson Dart katika nafasi ya 25, waliwapa Houston nafasi yao ya 34, na ya 99, na juu yake nafasi ya raundi ya tatu ya mwaka 2026. Hatusemi Dart hafai; kijana ana moyo, na tumempenda. Tunauliza tu ni nani atakayesimama mbele yake. Na kama kwamba Mungu alitaka kutuonyesha, mteule wao wa mwaka huo aliyewasisimua mashabiki kuliko wengi ni Cam Skattebo wa raundi ya nne, aliyekuwa wa 105 katika orodha, ambaye alipiga watu vikumbo kama lori lililokatika breki mpaka alipovunjika kifundo cha mguu mwezi wa Oktoba.

Tangu ubingwa wa Februari 2012 hadi msimu wa 2025 ulipokwisha, Giants wamefika hatua ya mtoano mara mbili tu, msimu wa 2016 na wa 2022. Katika miaka hiyo wamechagua juu sana mara nyingi. Kama majina makubwa yangetosha, leo tungekuwa tunagawa vikombe.

Kuna mtu mmoja tungependa askari wetu wamjue. Al Blozis alichaguliwa na Giants mwaka 1942, raundi ya tano, mtu wa mstari wa mbele, jitu lililokuwa pia bingwa wa kutupa tufe. Jeshi la Marekani lilimwona mkubwa mno kuliko kipimo chao; akasihi mpaka akakubaliwa. Desemba 1944, akiwa likizoni, aliichezea Giants mechi ya fainali dhidi ya Green Bay, wakashindwa. Wiki sita baadaye, tarehe 31 Januari 1945, akiwa ofisa kijana katika milima ya Vosges huko Ufaransa, aliona baadhi ya watu wake hawajarudi kutoka doria, akaingia kwenye theluji peke yake kuwatafuta, akauawa. Jezi yake namba 32 haikupewa tena mchezaji mwingine wa Giants baada ya hapo. Tunapowaomba viongozi wa timu wasizidharau raundi za chini, mtu wa namna hiyo ndiye tunayemfikiria.

Kwa hiyo matumaini yetu kwa uteuzi ujao ni haya, na hatuoni haya kuyatamka. Watumie nafasi yao ya juu kama zamu yao itakavyowaangukia, wala wasitoe kitu cha mwaka ujao ili kusogea mbele. Wakipigiwa simu na timu yenye pupa, wafanye kama walivyofanya mwaka 2006: warudi nyuma, wapokee malipo, wangoje. Kisha watuletee angalau watu wawili wa mstari wa mbele, hata kama majina yao hayatamkiki, na mtu mmoja mzito wa kuziba katikati upande wa ulinzi, maana hapo adui amekuwa akipita kama anakwenda sokoni. Na wakiwapata, wawape muda. Mailata hakuanza kucheza siku aliyofika.

Raundi ya kwanza huanza Alhamisi usiku kwa saa za kule, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwa saa zetu. Walio lindoni wasihangaike kubadilishana zamu kwa ajili hiyo. Majina yale watayasikia asubuhi wakinywa chai. Raundi ya nne hadi ya saba husomwa Jumamosi, kuanzia saa moja jioni kwetu, wakati mesi imefunguliwa na mvua ya Aprili inapiga mabati. Jioni hiyo ndiyo tunayomwomba sajini wa zamu atuhurumie.