Tushuke Tukuyu

Darasani tunafundishwa kwamba Sokrate aliwauliza watu maswali yake sokoni Athene. Lakini sisi waseminari wa Rungwe, tukiwa likizo na parokia ikitutuma sabuni au mishumaa, tunaliacha soko letu na kupanda gari hadi Mbeya, eti bei ni nafuu. (Nauli hatuihesabu.)

Mwenye duka wa Tukuyu anajua nyumba yenye msiba. Hukopesha sukari mpaka malipo ya majani ya chai yatoke, akiandika kwenye daftari lililochakaa. Fundi cherehani barazani hushona sare za shule, mzazi akalipa kidogokidogo. Wa jumla kule mjini hajui hata majina yetu.

Siku hizi malori hufuata parachichi shambani. Hatulalamiki, mkulima anastahili bei nzuri. Ila fedha hiyo ikiishia Mbeya, maduka haya yatafungwa, na Tukuyu itabaki kituo cha magari ya Kyela na Kasumulu. Msiba ukitokea usiku, tutamgongea nani mlango?

Waweka hazina wa parokia na jumuiya ndogondogo, tunawaomba mwanze na mishumaa na sukari. Sisi likizo ijayo tutashuka Tukuyu.