Dhamana ya Starehe: Vyama vya Wanawake wa Miji ya Pwani

Vyama vya wanawake katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki vilizaliwa kwenye ngoma. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja walijikusanya katika makundi ya lelemama, ngoma ya wanawake peke yao ambayo wachezaji hupanga mstari, mwili ukatulia, na kazi yote ikaachiwa mikono na viganja. Kila kundi lilikuwa na jina, sare, viongozi, michango na, zaidi ya yote, hasimu wake. Mombasa ilivuma kwa ushindani wa Banu Saada na Ibinaal Watan.

Cheo hakikupatikana bure. Aliyetaka kupanda daraja aliwalisha wenzake: mnyama akachinjwa, wali ukapikwa, wanachama wakala na kushuhudia. Mpangilio huo wa vyeo na sare ulikuwa na undugu na beni, ngoma iliyoenea pwani kuanzia miaka ya 1890, ambayo vyama vyake vya Marini na Arinoti viliiga jeshi na wanamaji wa Kizungu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika miaka iliyofuata, mwanamke wa asili ya utumwa ambaye waungwana wasingempa heshima ukumbini kwao aliweza kuipata ndani ya chama, kwa kulisha, kuimba na kutokosa shughuli za wenzake. Wanaozibeza ngoma hizo kuwa upuuzi huliruka jambo hili.

Lawama hazikukosa, na baadhi zilikuwa za haki. Kundi moja likilisha mtaa, jingine lilijifunga kibwebwe kulisha zaidi, na gharama ziliangukia nyumba ambazo hazikuwa na akiba. Nyimbo za mafumbo zilimpiga hasimu bila kumtaja, lakini mtaa mzima ulijua nani kasemwa. Masheikh waliotaka marekebisho ya dini waliita yote hayo israfu. Unguja nako vilizuka vikundi vya taarab vya wanawake, kimoja kikijiita Royal Air Force, na ushindani wa sare na tungo ukahamia huko.

Hata hivyo, siasa ilipohitaji watu, iliwakuta wanawake hawa wamekwisha kujipanga. Mwaka 1955 TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilimpa Bibi Titi Mohamed uongozi wa tawi lake la wanawake. Alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba mjini Dar es Salaam, na alianza kwa kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa kila kiongozi alikuja na watu wake. Kuwaandikisha maelfu ya wanawake katika kipindi cha miezi kungekuwa muujiza kama ingebidi kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Mombasa nako, mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake waliolelewa katika mazingira ya lelemama waliingia katika vyama vya elimu na ustawi, na mwaka 1958 wanawake wa Kiarabu wakadai haki ya kupiga kura.

Serikali na vyama vya siasa viliufahamu utajiri huo wa watu waliokwisha kujipanga, vikautaka. Jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa Kenya mwaka 1952 chini ya usimamizi wa serikali ya kikoloni, ikifundisha ushonaji, mapishi na usafi wa nyumbani. Mwaka 1987 iliunganishwa na chama tawala cha KANU, na ikajitoa baada ya vyama vingi kurejea. Tanganyika iliunda Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT) mwaka 1962, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake. Taasisi hizo zilifungua milango mingi, lakini mwanachama wa mji mdogo aligeuka mpokeaji wa maelekezo ya mkutano uliopangwa na wengine.

Leo nafasi ya kundi la ngoma imeshikwa na kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ambacho nchini Kenya huitwa chama. Utaratibu wake ni mkali kuliko wa benki nyingi. Sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa wanawake watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote wawepo. Hisa hununuliwa mbele ya macho ya wote, kwa kawaida moja hadi tano kwa kikao. Anayechelewa hupigwa faini, na anayeacha simu iite hupigwa faini vilevile. Pembeni upo mfuko wa jamii kwa ugonjwa na misiba. Kisha kuna yale ambayo mgeni huyaona pambo tu: kitenge kimoja kwa wote siku ya harusi, zamu ya kupika msibani, kumtunza mwenzao hadharani.

Hapo ndipo linapokuja swali la sera. Nchini Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha marejesho mabaya na vikundi hewa, na mwaka 2023 utoaji ukasimamishwa ili utaratibu upangwe upya. Tatizo halikuwa uvivu wa wanawake. Mkopo ulipotangulia, watu walikusanyika kwa ajili ya mkopo. Fedha zilipogawanywa hapakuwa na msiba wala harusi iliyowafunga pamoja, na asiyelipa hakuwa na wa kumwonea haya.

Wapo wanaosema sare na sherehe zinakula mtaji. Kwa mwanamke ambaye mauzo yake ya mchana ndiyo chakula cha usiku, hoja hiyo ina uzito, na zipo familia ambazo mchango wa sare umezisukuma kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Kikundi kinachopandisha kiwango cha kitenge kila mwaka huwafukuza walio maskini bila kuwatamkia. Dawa yake ni ukomo wa michango, uliokubaliwa na wanachama wenyewe na kuandikwa kwenye katiba. Kuifuta sherehe yote ni kuondoa dhamana pekee ambayo kikundi kisicho na hati ya nyumba kinaweza kuitoa.

Kwa sasa afisa wa maendeleo ya jamii huangalia katiba, akaunti ya benki na shughuli ya kiuchumi. Angeweza pia kuuliza kikundi kina miaka mingapi, kilishazika wangapi, na daftari lake la faini limejaa kiasi gani, kabla ya kuidhinisha hata shilingi moja.