Mseto Unaofungwa Baada ya Kura

Liko swali ambalo halijapata jibu hapa Kenyenya: mwananchi akiupigia kura upinzani, kisha kiongozi wake akaingia serikalini pasipo kumwuliza, kura ile imekwenda wapi?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2002 sehemu kubwa ya Gusii ilimwunga mkono Mheshimiwa Simeon Nyachae, na wabunge wetu wengi wakaenda Bungeni kwa tiketi ya Ford-People. Chama hicho kilipata viti 14, kikakaa upande wa upinzani. Tarehe 30 Juni 2004 Rais Kibaki alitangaza serikali aliyoiita ya umoja wa kitaifa, na Nyachae akawa Waziri wa Nishati. Wapo waliofurahi, kwa maana waziri ni waziri, nasi hatuwalaumu. Lakini hapakuwa na sheria iliyomlazimu yeyote kurudi kwa mpiga kura.

Itakumbukwa kwamba kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, KANU haikulala. Mwaka 1992 katiba ilirekebishwa ili Rais ateue mawaziri kutoka chama chake pekee. Basi wapinzani hata wangepatana, wasingeweza kugawana serikali kihalali. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, huku Matiba, Kibaki na Odinga wakigawana karibu zote zilizosalia. Maafikiano ya IPPG ya mwaka 1997 yaliliondoa katazo hilo, na ilikuwa haki kuliondoa. Ila mlango ulifunguliwa bila kuwekewa bawabu. NDP iliupitia mwaka 2001 kuingia katika serikali ya KANU, na Machi 2002 ikamezwa nzima.

Mseto wa 2008 tunauweka kando, kwa sababu ulizaliwa na damu. Mkataba wa tarehe 28 Februari mwaka huo ulileta mawaziri 40, mzigo mzito kwa mlipa kodi, lakini ulizima moto. Na Bomachoge yetu, pamoja na Shinyalu, ndiyo iliyoijaribu kwanza tume mpya ya muda katika uchaguzi mdogo wa Agosti 2009.

Katiba ya 2010 iligeuza mambo. Mgombea urais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Hakuna jamii inayoweza kuyafikia hayo peke yake, Wagusii wakiwemo. Ndiyo sababu vyama huungana kabla ya uchaguzi: Jubilee na CORD mwaka 2013, Kenya Kwanza na Azimio mwaka 2022. Hilo tunalisifu, maana mpiga kura huuona mseto kabla ya kuuchagua. Hata hivyo, Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, viongozi wa ODM waliteuliwa kuwa mawaziri katika serikali ambayo wafuasi wao waliipinga debeni. Makubaliano rasmi ya ODM na UDA yalitiwa sahihi Machi 2025, miezi baadaye. Mahari yalijadiliwa bibi harusi akiwa amekwisha kuhamia!

Japani nayo imeyapitia. Chama cha LDP (msikichanganye na LDP ya hapa kwetu) kilitawala tangu 1955 hadi 1993, kilipong'olewa na muungano wa vyama kadhaa ulioongozwa na Hosokawa. Mwaka 1994 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa: viti 300 vya mshindi mmoja katika kila jimbo, na 200 vya orodha za vyama kwa uwiano wa kura. Walitarajia vyama viwili vikubwa vya kupokezana madaraka. Badala yake chama kidogo kama Komeito kiliishi kwa viti vya uwiano, na katika majimbo mengi wafuasi wake wakampigia kura mgombea wa LDP. Ushirika huo ulidumu tangu 1999 hadi Oktoba 2025, ukivumilia hata miaka mitatu nje ya serikali, na mpiga kura aliujua kabla ya kuingia kituoni.

Kwetu hata viti 12 vya kuteuliwa katika Bunge la Taifa hugawanywa kwa idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, wala si kwa kura. Aliyeshindwa kwa kura moja Kenyenya hahesabiwi popote.

Kwa hiyo tunashikilia mambo mawili. Viti hivyo 12 vigawanywe kwa kura za nchi nzima. Na chama kinachotaka kuingia serikalini baada ya uchaguzi kiweke mkataba wake hadharani, kisha wanachama wake waupigie kura ya siri katika kila wadi kabla ya waziri hata mmoja kula kiapo. Mgombea atakayekuja kuomba kura Kenyenya, sokoni au kanisani, tutamtaka atie sahihi ahadi hiyo mbele yetu.