Kisangani: Wanaoondoa takataka waandikwe kwanza, glavu zifuate

Mji wa Kisangani hukumbuka takataka zake mara mbili: mvua kubwa inapoziba mifereji, na ugonjwa unapozuka. Siku hizo viongozi hutoa amri, salongo hutangazwa, marundo ya uchafu hupigwa picha, na baada ya siku chache picha nyingine huonyesha mahali pale pale pakiwa pamesafishwa. Katika picha hizo za pili huonekana watu wenye mafagio, mabeleshi na mikokoteni. Ni mara chache mtu kuuliza ni akina nani, nani amewapa kazi, na mmoja wao akiumia ni nani atakayemtibu.

Swali hilo linaonekana dogo mbele ya tatizo la mji mzima, lakini ndilo linaloamua kama usafi wa Kisangani utadumu. Mji unaosafishwa na watu wanaougua kwa sababu ya kuusafisha haujaondoa uchafu. Umeuhamisha tu kutoka barabarani hadi ndani ya miili yao.

Kazi hii inafanywa na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni wanaofagia barabara na masoko kwa niaba ya mji au komine, wengi wao wakina mama. Wa pili ni vijana wa pusipusi, wanaopita nyumba kwa nyumba huko Makiso, Mangobo, Kabondo na Tshopo, wakichukua uchafu kwa malipo ya papo kwa papo. Wa tatu ni wale wanaochambua marundo wakitafuta chupa, alumini na vyuma chakavu vya kuuza. Hawa wa tatu hudharauliwa kuliko wote, ingawa kila kilo wanayoiokota ni kilo ambayo mji haukulipia kuibeba.

Hatari zao zinajulikana. Kuna vipande vya chupa na mabati yenye kutu yanayokata mguu uliovaa ndala, na hapo pepopunda huingia. Kuna mkojo wa panya unaobeba vijidudu. Kuna moshi wa plastiki zinazochomwa kando ya nyumba, na makopo ya dawa za kupuliza yanayolipuka motoni. Kuna betri kuukuu zenye risasi, ile madini inayodhuru ubongo. Kuna mizigo inayovunja mgongo, hasa njia inapogeuka kuwa tope, na Kisangani, mji wa karibu na ikweta, hauna msimu mrefu wa ukavu. Mwaka 2025 kipindupindu kilipiga jimbo la Tshopo, na wenye kugusa mifuko yenye vinyesi iliyotupwa pamoja na uchafu wa jikoni walikuwa miongoni mwa watu walio karibu zaidi na hatari hiyo.

Hatari inayotisha kuliko zote ni ndogo kwa umbo: sindano. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu asilimia 15 ya taka za vituo vya afya ni za hatari. Taka hizo zikitengwa na kuteketezwa ipasavyo, hazimfikii mtu wa pusipusi. Lakini mji una maduka mengi ya dawa, zahanati ndogo, na wagonjwa wanaochomwa sindano nyumbani. Sindano moja ikitupwa ndani ya mfuko wa maganda ya ndizi na majani ya pondu, hakuna anayeiona mpaka imchome mtu.

Hesabu za kitabibu kuhusu sindano hiyo ziko wazi. Kati ya watu 100 wasio na chanjo wanaochomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, wanaoweza kuambukizwa hufika 30. Kwa homa ya ini aina ya C ni karibu 2 kati ya 100. Kwa virusi vya Ukimwi ni karibu 3 kati ya 1000, na zipo dawa za kuzuia maambukizi hayo zikianza kunywewa ndani ya saa 72. Homa ya ini B ina chanjo ya sindano tatu. Kwa hiyo hatari kubwa kuliko zote katika orodha hiyo ndiyo inayozuilika kwa urahisi kuliko zote. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mfagiaji kwamba chanjo ipo, na kwamba akichomwa leo asingoje hadi wiki ijayo.

Kisangani una hatari nyingine ambayo miji mingi haina. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Maelfu ya makombora yalianguka kwenye makazi ya raia, na mengine hayakulipuka. Kazi ya kuyatafuta na kuyategua iliendelea kwa miaka. Mtu anayechimba ardhini kutafuta vyuma chakavu, au kijana anayeokota kitu kizito chenye kutu bila kukijua, anafanya kazi juu ya ardhi yenye kumbukumbu hiyo. Mafunzo ya saa moja, yenye picha za makombora na amri ya kutogusa, yangetosha kumpa tahadhari.

Kila mjadala wa aina hii ukianza, jibu la kwanza huwa glavu. Mfadhili huleta katoni, hotuba hutolewa, vijana huvaa glavu na barakoa mbele ya kamera. Hakuna anayepinga glavu, wala buti, ambazo pengine ni muhimu zaidi. Lakini glavu nyepesi hazizuii sindano. Glavu nzito huchakaa, na zikichakaa hakuna wa kuleta nyingine, kwa sababu hakuna daftari linaloonyesha ni nani aliyepewa, lini, na anafanya kazi wapi. Zawadi isiyo na daftari huisha siku ile ile picha zinapochapishwa.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuwaandika wanaofanya kazi hii: jina, mahali pa kazi, na chombo kinachohusika naye. Asiyeandikwa, mbele ya sheria, ni kama hakuumia. Akivunjika mguu chini ya mkokoteni, hakuna ajali ya kazini iliyotokea, kuna mtu mmoja tu aliyevunjika mguu, na familia moja inayokopa fedha za hospitali.

Sheria yenyewe haikosekani. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, ina sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini, na inamdai mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya hifadhi ya jamii inaweka bima ya ajali na magonjwa ya kazini, ambayo leo inasimamiwa na mfuko wa CNSS. Mchango wa bima hiyo ni asilimia 1.5 ya mshahara, na hulipwa na mwajiri peke yake. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inasema kwamba serikali, jimbo na vyombo vya utawala vya chini yake, yaani mji na komine, ndivyo vyenye jukumu la kusimamia taka. Kisha, mwezi Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani, ambalo Kongo ni mwanachama wake, liliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi ambazo nchi zote wanachama zinapaswa kuziheshimu.

Ukizisoma sheria hizo pamoja, unaona pengo liko wapi. Ulinzi wote umefungwa kwenye neno mwajiri. Mama anayefagia soko kwa malipo ya siku, bila mkataba, anaweza kukanwa na kila ofisi. Kijana wa pusipusi hana mwajiri hata kidogo: ana wateja tu. Lakini kazi anayoifanya ni ile ambayo sheria ya 2011 imeikabidhi kwa mji. Anapobeba uchafu wa kata, anautumikia mji, na mji hauwezi kupokea utumishi huo kisha ukasema haumjui.

Kisangani unaelewa uzito wa orodha kuliko miji mingi. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na mfuko wa FRIVAO, wenye makao yake hapa hapa Kisangani, ukapewa kazi ya kuwafikishia waathirika fidia. Tangu wakati huo, familia nyingi zimejifunza kwamba kuumia hakutoshi: lazima jina liwepo kwenye orodha, na orodha iwe ya kweli. Walioumia mwaka 2000 wamelazimika kuthibitisha majeraha yao zaidi ya miaka 20 baadaye. Hakuna sababu ya kuwapitisha wafagiaji wa leo katika njia hiyo hiyo, wakati ajali zao zinaweza kuandikwa siku ile ile zinapotokea.

Nje ya Kongo upo mfano wa kufuatwa. Huko Pune, nchini India, waokota taka walianzisha chama chao mwaka 1993. Katikati ya miaka hiyo ya 1990, utawala wa mji ukakubali kuwaidhinishia vitambulisho. Kitambulisho hakikumponya mtu kidonda, lakini kilifungua mlango: baadaye ilikuja bima ya matibabu, na mwaka 2008 ushirika wao wa SWaCH ulianza kukusanya taka majumbani kwa makubaliano na mji. Waliokuwa wakifukuzwa kama wezi wakawa watu wanaobisha hodi mchana wakiwa na kazi inayotambulika.

Na upo mfano wa kuogopwa, wa karibu zaidi. Tarehe 10 Agosti 2024, rundo la taka la Kiteezi, nje kidogo ya jiji la Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kuua watu zaidi ya 30. Kisangani hauna mlima wa taka kama ule, na hilo ni heri yake. Lakini unakua, na mahali pa kumwaga uchafu panapoamuliwa bila kuwahesabu wanaofanya kazi juu yake na wanaolala chini yake, muda ndio unaojenga mlima.

Wapo watakaosema mji hauna fedha. Ni kweli kwamba hazina ya mji ni nyembamba na malipo ya watumishi huchelewa. Lakini mengi yanayohitajika hayangoji bajeti kubwa. Daftari ni bei ya karatasi. Wauzaji wa sokoni hulipa kodi ya kila siku, na ni halali yao kuuliza ni sehemu gani inarudi kwa anayewafagilia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wafanyakazi wenyewe. Katika nchi hii, anayeandikwa mara nyingi ameandikwa ili atozwe. Kijana wa pusipusi akisikia daftari, anawaza kibali, risiti, na askari wa kumsimamisha njiani. Hofu hiyo ina msingi, na haiondolewi kwa hotuba. Inaondolewa kwa sharti moja lililo wazi: kadi iwe ya bure, isiwe na ada ya mwaka, na isitumiwe kumzuia mtu kufanya kazi. Wafanyakazi wawe na chama chao, na chama hicho kiwe na nakala ya orodha ili majina hewa yasiingizwe.

Kwa sharti hilo, kila ofisi ina lake la kufanya. Meya na viongozi wa komine sita wafungue daftari la wafanyakazi na daftari la ajali, na wale wanaolipwa na mji wapewe mkataba na waingizwe CNSS. Idara ya afya ya jimbo iwachanje walioandikwa dhidi ya pepopunda na homa ya ini B, na itaje waziwazi kituo ambako mtu aliyechomwa sindano atapokewa siku hiyo hiyo. Kila duka la dawa na zahanati litenge sindano kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, na lisilofanya hivyo litozwe faini. Ukaguzi wa kazi ufike pia kwenye marundo ya taka, usiishie kwenye ofisi na viwanda. Na mahali pa kumwaga taka pawe na maji na sabuni, jambo ambalo mji ulio kando ya mto Kongo hauwezi kusema ni la anasa.

Wakaaji nao wana sehemu yao. Chupa iliyovunjika ifungwe ndani ya karatasi nene kabla ya kutupwa. Sindano ya mgonjwa wa nyumbani iwekwe kwenye chupa ya plastiki, ifungwe, irudishwe kwenye kituo cha afya. Ni kazi ya dakika moja kwa anayetupa. Kwa anayeokota, ni tofauti kati ya siku ya kawaida ya kazi na ugonjwa wa maisha.

Salongo ijayo ikitangazwa, kipimo kisiwe tu idadi ya marundo yaliyoondolewa. Meya aulizwe pia ni watu wangapi wanaoondoa uchafu wa Kisangani, wangapi wameumia mwaka huu, na wangapi wametibiwa. Mji ukiweza kujibu maswali hayo matatu, glavu zitakuwa na maana, kwa sababu patakuwa na jina la anayezivaa.