Daftari la Wiki: Bibi Harusi Anatafuta Koti

Mitumba ya Karume, asubuhi, belo limefunguliwa. Wateja wa makoti mazito katika jiji hili la jasho si wengi, na muuzaji anawajua kwa kuwatazama tu: mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo China au Urusi, mfanyabiashara anayepeleka mzigo Njombe na Makete, vijana wa kwenye maghala ya samaki wa barafu. Wiki hii kaongezeka wa nne, na ni mpwa wangu. Anataka koti jeupe, refu, lisilo na maandishi, la kuvaliwa juu ya shela.

"Dada, jeupe kwenye belo ni bahati nasibu," muuzaji akamwambia. "Wenyewe huko wanavaa jeusi, lisionyeshe uchafu." Akachomoa moja la rangi ya maziwa, akalikung'uta, akapitisha mkono mifukoni kama wafanyavyo wote wa kazi hii. Akaibuka na tiketi ya treni iliyokunjwa mara nne, maandishi yamefutika nusu. Akaitupa bila kuisoma. Elfu arobaini na tano, akasema. Mpwa wangu akaanzia ishirini. Nikawaacha wanavutana, nikaenda kununua maji.

Koti lenyewe ndilo lililonichekesha. Limevuka bahari ndani ya kontena kuja kwetu kwa sababu kwao limechoka, na sasa linataka kurudi kwa ndege, limevaliwa na bibi harusi kutoka Ilala.

*

Mpango wao ni huu. Yeye na mchumba wake wanakwenda Iceland mwezi Desemba, wanafunga ndoa mbele ya ofisa wa serikali, wanapiga picha kwenye maporomoko ya maji na theluji, wanarudi. Hakuna kamati, hakuna kitchen party, hakuna send-off, hakuna MC wa kuwauliza watu kama wapo au hawapo. Picha zitangulie, taarifa ifuate. Wakaamua kumwambia mtu mmoja tu katika ukoo mzima, nao wakamchagua mjomba anayeandika gazetini. (Siri haikudumu, kama mtakavyoona, na ruhusa ya kuyaandika haya nimepewa kwa sharti la kutotaja jina la mtu.)

Nikamuuliza kwa nini baridi. Zanzibar ipo hapo, boti saa mbili. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali wali mkavu. "Mjomba, Zanzibar wanaoana Wazungu."

Hapo sikuwa na jibu. Mtu wa Oslo anakimbia baridi kuja kuoana mchangani Nungwi, mtu wa Kariakoo anakimbia joto kwenda kuoana barafuni, na wote wawili wanalipia kitu kilekile: mahali ambapo hakuna anayewajua.

*

Kutorokea Ulaya kunahitaji nyaraka nyingi kuliko harusi ya watu mia tano.

Viza ya Schengen, ambayo Iceland imo, inataka bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, mahali pa kulala na tiketi ya kurudi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Jambo ambalo wapenzi hawalifikirii mapema ni kwamba kila mmoja ana faili lake. Huombi kama wawili. Inawezekana kabisa bwana harusi akapewa na bibi harusi akakataliwa, au kinyume chake, na barua ya kukataa haitaji mapenzi popote.

Kisha zinakuja karatasi za ndoa. Wale wa Iceland wanataka cheti cha kuzaliwa na uthibitisho kwamba huna ndoa nyingine, na uthibitisho huo uwe wa karibuni. Kwa hiyo safari ya kwenda kwenye theluji inaanzia RITA, katikati ya mji, foleni ya kawaida, pamoja na watu wanaofuatilia mirathi. Mchumba mtu cheti chake cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti na pasi ya kusafiria. Wasomaji waliowahi kurekebisha herufi moja wananielewa.

Na mwanga. Reykjavík katikati ya Desemba jua linatoka baada ya saa tano asubuhi na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri. Saa nne za mchana, basi. Mpiga picha anatoza kwa saa, na upepo hautozi chochote.

*

Sheria yetu haihitaji umati kama tunavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka watu wawili wanaokubaliana kwa hiari, wasio na kizuizi, mfungishaji mwenye mamlaka na mashahidi wasiopungua wawili. Basi. Ukumbi haumo, wala sare hazimo. Hata mahari: kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama mila ya mahari haikufuatwa.

Kilichomo ni siku 21. Kifungu cha 18 kinawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla, tangazo litoke, mwenye pingamizi alete. Anayekwenda bomani kwa Mkuu wa Wilaya akidhani atatoka na cheti siku hiyohiyo anarudi nyumbani na tarehe. Ipo leseni maalumu ya kuruka taarifa hiyo, lakini uwe na sababu ya kueleweka, na kumkwepa mama haijawahi kuwa sababu ya kueleweka.

Siku hizo 21 zina ndugu yao mbali sana. Uingereza ilipotunga sheria ya ndoa mwaka 1753 ya kuwabana vijana waliooana bila ridhaa ya wazazi, vijana wakagundua kuwa haifiki Scotland. Kijiji cha kwanza ukivuka mpaka kilikuwa Gretna Green, na mhunzi wa pale akawa mfungisha ndoa, nyundo na fuawe mbele yake. Mikokoteni ikawa inafukuzana na mababa wenye hasira hadi mpakani. Biashara ile ikapungua mwaka 1856, sheria mpya ilipotaka mmoja wa wanaooana awe amekaa Scotland siku 21 kwanza. Baba yeyote mwenye farasi mzuri anafika ndani ya siku 21.

Kwa ndoa ya ughaibuni sheria yetu ni karimu: ikifungwa kwa utaratibu wa nchi ile, kati ya watu wenye sifa na waliokubaliana, hapa inatambulika. Mpwa wangu alikuwa ameshalisoma hilo. Alikuwa hajafikiria swali la mama yake, ambalo halimo katika Sheria ya Ndoa: walii atakuwa nani? Familia yao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kama wengi wa pwani hii, na kwao nikahi bila walii haisimami. Baba anaweza kuwakilisha, naam, hata kwa simu. Lakini lazima aambiwe. Na mtoro aliyeomba ruhusa kwa baba yake ni msafiri tu.

*

Kama mtu anataka kujua kutoroka kwa kweli kulivyo, asitazame mtandaoni. Atazame ng'ambo ya mlango wa bahari.

Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani, hajatimiza miaka 22, alitelemka ufukweni Unguja. Ilikuwa Siku ya Mwaka, wanawake wanakwenda kuoga baharini, na katika umati ule mwanamke mmoja zaidi hakuonekana. Mashua ikampakia hadi kwenye manowari ya Waingereza, Highflyer. Alikuwa na mimba ya jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Akapelekwa Aden, akajifungua huko mwezi Desemba, akamngoja mwanamume wake miezi tisa kwa jumla. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alifika, Salme akabatizwa Emily, wakafungishwa ndoa siku hiyohiyo, wakapanda meli kwenda Ulaya. Yule mtoto hakufika Hamburg.

Hakuchagua baridi kwa ajili ya mandhari. Barua zake, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, zinalalamikia baridi na giza la Ujerumani kwa namna ambayo mtu wa pwani anaisoma huku anatafuta shuka. Walizaa watoto wengine watatu. Agosti 1870 Ruete akaanguka kwenye tramu ya farasi akafa, na mjane akabaki katika nchi ambayo lugha yake ndiyo kwanza anaimudu. Ndugu zake hawakumpa urithi. Aliporudi Unguja mwaka 1885, miaka kumi na tisa baadaye, Sultani Barghash, kaka yake, hakutaka kumwona.

Sultani wa mwaka ule wa kutoroka alikuwa kaka mwingine, Majid. Na Majid miaka ileile alikuwa upande huu wa bahari anajijengea mji mpya kwenye bandari tulivu ya Mzizima. Jengo lake moja bado lipo, lile la Old Boma la mawe ya matumbawe kando ya barabara ya bandarini. Daladala na bajaji zinalipita kila siku. Dada mtu anatoroka, kaka mtu anasimamisha kuta za nyumba ya kupokea wageni: jiji hili na aibu ile ni wa rika moja.

Mpwa wangu nilimsimulia yote. Akasema, "Lakini aliandika kitabu." Ni kweli, kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886 na zinasomwa hadi leo. Vijana wa siku hizi hata msiba wanauona una maudhui.

*

Jumatano dada yangu akajua. Aliyevujisha si mimi. Ni fundi wa shela, aliyepiga simu nyumbani kuuliza mikono iwe na bitana au isiwe nayo. Bitana, Dar es Salaam.

Nilitegemea kelele. Dada akaingia chumbani akatoka na kaunta buku, ile nene yenye jalada gumu, akaiweka mezani akaifungua katikati. Mistari ya kalamu, safu nne: jina, shughuli, kiasi, tarehe. Jirani wa Buguruni, send-off ya binti, 30,000. Mwenzake wa kikoba, kitchen party, 50,000 na doti ya kitenge. Mtoto wa shangazi wa Tandika, harusi, 100,000, pembeni ameandika "aliomba single nikatoa double". Ukurasa baada ya ukurasa, miaka ishirini na kitu. Safu ya tano ilikuwa tupu. Ndiyo ya watakaorudisha.

"Hawa wote," akasema, "nilikuwa nawangoja kwake."

Mimi ni miongoni mwa wanaolalamikia michango. Nimeandika hapa zaidi ya mara moja kuhusu makundi ya WhatsApp unayojikuta umeunganishwa usiku, na kadi yenye kiwango kilichokwisha kuchapwa. Bado nadhani tumepitiliza. Lakini sikuwa nimewahi kuuona upande ule wa daftari. Vijana wanadhani wanakataa matumizi ya anasa. Mama anaona wanafuta deni ambalo si lao kulisamehe: fedha aliyoiweka kwa watu kidogo kidogo tangu binti yuko chekechea, bila risiti, bila riba, kwa imani kwamba siku moja atasimama katikati ya ukumbi na wote watafika. Huko Iceland hakuna atakayefika. Na yeye hawezi kwenda Tandika kudai laki yake mkononi. Hiyo haidaiwi ila kwa harusi.

Kuna na wengine ambao daftari lao halionekani. Maduka ya vitambaa Mtaa wa Kongo yanaishi kwa sare: kamati ya watu arobaini ikikubaliana rangi, jora zinakatwa siku moja. Mpambaji, mpishi, kijana wa spika, mwenye gari la kukodi lenye riboni. Mpiga picha wa Reykjavík hawajui hawa.

*

Kinyume cha haya yote tunacho sisi wenyewe, na hakitaki viza: ndoa ya mkeka. Mnakutwa, mnafungiwa mlango, sheikh anaitwa, mkeka unatandikwa. Haina kamati, haina siku 21 za kusubiri, mashahidi ni wengi mno. Kwa urahisi wa gharama haijapata mshindani.

*

Nilipendekeza Lushoto. Baridi ipo, asubuhi ukungu umelala juu ya mahindi, ukisimama Irente nchi yote iko chini ya miguu. Au Kitulo, nyanda za juu za maua, mita 2,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari, ambako Juni blanketi moja halitoshi. Nauli ya basi, usiku mbili za hoteli, sheikh wa huko huko, baba anakwenda. Mpwa wangu alisikiliza kwa adabu. Mchumba wake ni Msambaa. "Mjomba, nikimpeleka Lushoto tutakutana na wajomba zake wote stendi."

Hadi naandika, mapatano ndiyo haya: nikahi itafungwa nyumbani Ilala kwanza, baba akiwepo, halafu Iceland iwe fungate, viza zikitoka. Ukumbi bado unabishaniwa. Dada anataka ule wenye viti mia nne. Wao wamefika hamsini. Jana usiku alinipigia kuuliza kama huko Reykjavík kuna msikiti. Nikamwambia upo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza ile bima ya yuro elfu thelathini, mtu wa miaka hamsini na nane anakatiwa kwa shilingi ngapi.