Tusiwalipe watekaji wa kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya virusi ambavyo vikishaingia katika kompyuta hufunga mafaili yote kwa maandishi ya siri, kisha huonyesha barua kwenye kioo ikidai fedha ndipo mwenye mali apewe ufunguo. Huu ni utekaji nyara kama utekaji mwingine, ila kinachotekwa hapa si mtu bali ni kazi yake.

Baadhi ya wenzetu husema, "Lipa tu yaishe." Napinga kauli hiyo, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, mwizi hana mkataba. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha mafuta kwa bomba, ililipa kikombozi cha dola zipatazo milioni 4.4. Ufunguo iliopewa ulifanya kazi polepole mno, hata kampuni ikalazimika kuendelea kutumia nakala zake za akiba. Kama kampuni tajiri kiasi hicho ililipa na bado ikategemea akiba yake, mwananchi wa kawaida atapata nini?

Pili, biashara hii inaishi kwa sababu wapo wanaolipa. Haikuanza jana. Mwaka 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta katika nchi nyingi, zikidaiwa kuwa na maelezo juu ya UKIMWI. Aliyeitumia disketi hiyo alikuta baadaye mafaili yake yamefichwa, naye akatakiwa apeleke dola 189 kwenye sanduku la posta huko Panama. Tangu wakati huo, kila anayelipa humnunulia mnyang'anyi jembe la kulimia shamba la jirani.

Tatu, mara nyingi kinga ipo mikononi mwetu. Tarehe 12 Mei, 2017 virusi vya WannaCry vilivamia zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikidai dola 300 kwa kila kompyuta. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Lakini kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu hilo mwezi Machi mwaka huohuo. Aliyeziba ufa mwezi Machi hakujenga ukuta mwezi Mei. Hospitali hizo hazikulipa kikombozi, na kazi zilirejea.

Ndugu Mhariri, mambo haya si ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka jana, siku chache kabla ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba, duka moja la kuchapa ambalo shule kadhaa za tarafa yetu hulitegemea lilivamiwa. Mwenye duka hakufunga kazi, bali aliendelea kupokea flashi za wateja. Kufikia jioni flashi za walimu wawili nazo zilikuwa zimefungwa, pamoja na alama za wanafunzi za miaka miwili. Shule zilizokuwa na alama hizo katika daftari ziliziandika upya. Zisizokuwa na daftari hazina kumbukumbu hiyo mpaka leo, na watoto wake waliandikiwa maswali ya mtihani ubaoni.

Kwa hiyo, mtu akivamiwa afanye hivi. Achomoe waya wa mtandao au azime waifai mara moja, wala asichomeke flashi wala diski nyingine. Aipige picha barua ya mnyang'anyi, kisha atoe taarifa polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Asikubali fundi afute kila kitu kwa haraka, kwa kuwa baadhi ya virusi hivi vimekwisha kupatiwa funguo za bure kupitia mpango wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na wenzao. Kompyuta ikishasafishwa kabisa, ndipo arudishe mafaili kutoka katika nakala ya akiba.

Nakala hiyo isiachwe imechomekwa kwenye kompyuta, maana virusi huifunga nayo. Ghala halijengwi ndani ya jiko.

Sisemi kwamba uamuzi wa kutolipa ni mwepesi. Mganga mwenye wagonjwa wodini ana shida kubwa kuliko mimi mwenye karatasi za mitihani. Lakini ndiyo sababu maandalizi yafanywe kabla, si siku ya msiba.

Ninapendekeza kila halmashauri inapoipatia shule kompyuta, iipatie pia diski ya akiba na mafunzo japo ya siku moja. Wakuu wa shule nao waone kuwa alama za wanafunzi zinaandikwa katika daftari, hata kama kompyuta ipo. Kompyuta iliyofungwa itanunuliwa nyingine, lakini kumbukumbu za mtoto aliyesoma miaka saba haziuzwi dukani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.